Hakuna Bomu Linalojipakia Lenyewe Melini

Ndugu zangu, makomredi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie vita, na makampuni yanayoneemeka kwa vita, na serikali zinazoyalinda. Nitaanza na usiku mmoja, maana kila nikilifikiria jambo hili akili yangu hurudi pale pale.

Nilifanya kazi bandarini miaka kumi na moja. Nilikuwa karani wa shehena. Unasimama gatini na karatasi zako, unalinganisha namba ya kontena na namba iliyoandikwa, unatazama kama lakiri haijavunjwa, unaweka alama, kreni inanyanyua. Usiku huo zamu yetu ililetewa masanduku ya mbao. Yalikuwa marefu, yamepakwa rangi ya kijani iliyokolea, yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Karatasi ilisema "vipuri vya mashine". Mwenzangu mmoja, mtu mzima aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alipitisha kiganja juu ya sanduku taratibu, akanitazama, akasema: "Hivi si vipuri, mdogo wangu." Msimamizi akatujia. Akasema meli ina ratiba yake, na mwenye maswali akayaulize kwake nyumbani.

Tukapakia. Kulipopambazuka masanduku yote yalikuwa tumboni mwa meli, nami nilikuwa nimeweka alama mbele ya kila namba.

Sura ya yule msimamizi imeshanitoka. Zile alama hazijanitoka, kwa sababu niliziweka kwa mkono huu.

Tumezoea kuvisema vita kana kwamba vinashuka kutoka juu. Rais katangaza, jenerali kaamuru, bunge limepitisha. Ni kweli. Lakini kati ya amri na mlipuko kuna msururu mrefu wa watu. Yuko aliyechonga chuma, aliyekagua, aliyeidhinisha mkopo benki, aliyeandika bima ya safari, aliyeendesha lori usiku, na aliyesimama gatini na kalamu. Wengi wao ni watu wa mshahara, wana kodi ya nyumba na ada za watoto kama sisi. Harakati zetu za kupinga vita zimewapigia kelele sana wale wa juu, na hawa wa katikati zimewasahau. Naamini kusahau huko kumetugharimu kuliko kosa jingine lolote tulilofanya.

Wengi humu mnaikumbuka tarehe 15 Februari 2003. Siku hiyo watu walijaa barabarani katika miji zaidi ya 600 duniani kupinga vita vya Iraq, ambavyo vilikuwa bado havijaanza. Roma peke yake walikadiriwa watu milioni 3. London ilifurika kuliko ilivyowahi kufurika kwa maandamano ya kisiasa. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu kila mtu akarudi kazini kwake, na baadhi ya kazi hizo ndizo zilizokuwa zikivipeleka vita Iraq. Hazikutimia wiki tano, Baghdad ikaanza kupigwa mabomu.

Sitaki mtu atoke hapa akisema nimeyadharau maandamano. Nimeandamana, na nitaandamana tena. Maandamano humwonyesha mtu kwamba hayuko peke yake, na hilo si dogo. Lakini mtawala anaweza kuyatazama dirishani, akasubiri tuchoke, akafunga pazia. Kuna kitu kingine ambacho hawezi kukisubiri namna hiyo, na mwezi mmoja kabla ya Jumamosi ile kilitokea Motherwell, Scotland, bila mbwembwe yoyote. Madereva wawili wa treni walitakiwa kuvuta mabehewa ya risasi kuyapeleka kwenye ghala la kijeshi. Wakakataa kupanda. Wawili tu. Treni haikuondoka kwa wakati wake, na wakubwa wakaanza kupigiana simu. Jamani, watu wawili!

Scotland hiyo hiyo ina kisa kikubwa zaidi. Nakisimulia kila ninapopata wasaa, na waliokwisha kukisikia wanivumilie.

Mwaka 1974, katika kiwanda cha Rolls-Royce cha East Kilbride, alikuwapo mkaguzi wa injini aliyeitwa Bob Fulton. Siku moja iliingia injini ya ndege kwa matengenezo. Akasoma karatasi yake, akaona mwenye mali ni jeshi la anga la Chile. Miezi michache nyuma, tarehe 11 Septemba 1973, ndege za Hawker Hunter zilikuwa zimeipiga mabomu ikulu ya Santiago. Rais Salvador Allende, aliyechaguliwa kwa kura, alifia mle ndani, na Jenerali Pinochet akaishika nchi kwa mtutu. Fulton alikuwa amezipata habari hizo kama watu wengine wote. Sasa injini za ndege za aina ile ile zilikuwa mbele yake, zinangoja mikono yake. Akasema hazigusi, akaenda kumwambia mkubwa wake hivyo hivyo.

Angekuwa peke yake, angefukuzwa na injini zingepewa mtu mwingine kesho yake. Lakini kiwanda kile kilikuwa na chama cha wafanyakazi chenye meno, na chama chenyewe kilikuwa kimeshalaani mapinduzi yale. Wenzake wakasimama naye. Hakuna fundi aliyekubali kuzigusa. Injini zikatolewa nje, zikawekwa uani nyuma ya kiwanda. Na mvua ya Scotland mnaisikia sifa zake. Injini ya ndege ni kitu cha fahari, lakini ikikaa mvuani inaliwa na kutu kama jembe. Zilikaa pale miaka 4. Wafanyakazi waliingia kiwandani asubuhi na kutoka jioni, na vile vyuma viko pale nje vinaoza. Mwaka 1978, usiku, malori yakaja yakazichukua.

Wanaume wale waliishi miongo mingi bila kujua kama kitendo chao kilimfikia mtu yeyote. Wakastaafu, wakazeeka. Mwaka 2015 serikali ya Chile ikawapa watatu kati yao, Fulton akiwemo, nishani ya juu ambayo nchi ile huwapa wageni. Kumbe habari zao zilifika. Kumbe kule Chile walikuwapo watu waliojua kwamba katika nchi ya baridi, mbali kabisa, mafundi walikuwa wamekataa.

Sasa nitawaambia jambo lililonichukua miaka kulielewa. Ukitaka kujua watawala wanaogopa nini hasa, usisikilize hotuba zao. Soma sheria wanazopitisha. Uingereza, sheria ya mwaka 1990 ilikamilisha kazi ya kuufanya mgomo wa mshikamano uwe kosa. Marekani walitangulia zamani: sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947 iliwakataza wafanyakazi kususia kazi ya mwajiri mwingine ili kuwasaidia wenzao. Tazameni basi. Ukitaka kutembea barabarani na bango, utaomba kibali, utapewa tarehe, askari watakufungia njia upite. Ukitaka kuweka chini koleo kwa saa 8 kwa sababu ya watu wanaouawa nchi nyingine, utapelekwa mahakamani na chama chako kitafilisiwa. Mwenye nyumba hufunga kwa kufuli mlango ule anaojua mwizi anaweza kupitia. Milango ambayo haina mahali pa kwenda anaiacha wazi.

Hapana, makofi tuyaweke kwanza. Bado nina mengi.

Sheria zile hazikuwazuia wote. Tarehe 1 Mei 2008 makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani, wanachama wa chama chao cha ILWU, walisimamisha kazi zamu nzima katika bandari 29 kupinga vita vya Iraq na Afghanistan. Msuluhishi alikuwa ameshawaamuru waende kazini. Hawakwenda. Kuanzia mpaka wa Kanada hadi mpaka wa Mexico kreni zilisimama zimenyoosha shingo juu. Tawi lao la San Francisco lilikuwa na desturi hiyo tangu zamani: mwaka 1984 waliacha shehena ya Afrika Kusini melini kwa siku 11, enzi za ubaguzi wa rangi.

Na wiki mbili tu kabla ya Mei Mosi hiyo, Afrika ilikuwa imetoa somo lake. Meli ya Kichina, An Yue Jiang, ilitia nanga nje ya Durban ikiwa na tani 77 za silaha kwa ajili ya serikali ya Zimbabwe. Uchaguzi wa Zimbabwe ulikuwa umefanyika tarehe 29 Machi, matokeo ya urais yamekaliwa, wapinzani wanapigwa vijijini. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imetoa kibali mzigo upite nchini mwake. Kisheria kila kitu kilikuwa sawa. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, SATAWU, kikasema wanachama wake hawatashusha mzigo ule, na madereva wake hawataubeba. Askofu wa Kianglikana akaenda mahakamani na wenzake, wakapata amri ya kuzuia silaha zisipite. Meli ikang'oa nanga na masanduku yake.

Hapa nataka tutulie kidogo. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi ambalo SATAWU ni mwanachama wake, COSATU, lilikuwa mshirika wa chama tawala cha Afrika Kusini. Makuli wale waliikatalia serikali iliyokuwa yao, serikali waliyoipigia kura na kuifanyia kampeni. Kumpinga adui ni rahisi. Kumwambia mshirika wako "hapa hatuendi pamoja" kunataka moyo, na mrengo wetu wa kushoto umeshindwa mtihani huo mara nyingi mno. Agosti 1914 wabunge wa chama cha kisoshalisti cha Ujerumani, chama kikubwa kuliko vyote vya aina yake duniani, waliipigia kura bajeti ya vita. Chama hicho hicho kilikuwa kimeahidi miaka na miaka kwamba mfanyakazi wa Ujerumani hatamuua mfanyakazi wa Ufaransa. Desemba ya mwaka huo bajeti iliporudi bungeni, mtu mmoja tu alisimama kuikataa, Karl Liebknecht. Mmoja, katika bunge zima.

Kwa hiyo nawaombeni, na ombi hili ni zito kwangu. Tusiwe watu wa kuyalilia mabomu ya upande mmoja na kuyatafutia maneno mazuri mabomu ya upande mwingine. Mabomu ya Marekani tunayajua, na tutayasema bila kumung'unya maneno. Lakini vifaru vya Kisovieti vilipoingia Prague mwaka 1968, walikuwapo watu kwenye harakati kama zetu waliosema vimekwenda kuulinda ujamaa. Tarehe 25 Agosti mwaka huo watu 8 walikwenda kuketi katika Uwanja Mwekundu wa Moscow na mabango yao. Dakika chache tu, wakakamatwa. Wengine wakapelekwa kambini, wengine wakafungiwa hospitali za wagonjwa wa akili. Wale wanane ni wenzetu. Anayeona haya kuwataja hajajua bado anapinga nini.

Tuje kwenye fedha. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa leo ana bodi ya wakurugenzi na hisa sokoni. Mwaka 2024 matumizi ya kijeshi ya dunia nzima yalifika dola trilioni 2.7, kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Stockholm, na hadi mwaka huo haikuwa imewahi kurekodi kiasi kikubwa kuliko hicho. Fedha hizo ni kodi. Zimekatwa kwenye mshahara wa mwalimu na kwenye sukari ya mjane, zikapita hazina, zikaishia kwenye mikataba. Na mikataba inaandikwa na nani? Dick Cheney aliiongoza kampuni ya Halliburton kuanzia 1995 hadi 2000, kisha akawa makamu wa rais wa Marekani. Iraq ilipovamiwa, kampuni tanzu ya Halliburton ilipewa kazi ya kukarabati visima na mitambo ya mafuta bila zabuni ya ushindani. Hayo hayakufanyika gizani. Yaliandikwa magazetini, yakahojiwa bungeni, na malipo yakaendelea.

Rais Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya Washirika Ulaya, aliwatahadharisha Wamarekani tarehe 17 Januari 1961 juu ya muungano wa jeshi na viwanda vya silaha. Huyo hakuwa mtu wa kushoto hata kidogo. Alikuwa amekaa na wenye viwanda hao mezani, na alijua njaa yao.

Lakini msidhani kunguru anakula silaha peke yake. Rubaya, huko Kivu Kaskazini, Kongo, waasi wa M23 waliuteka mji wa machimbo ya koltani, madini ya kutengenezea vifaa vya elektroniki, mwaka 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba wanakusanya si chini ya dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza ushuru madini yale. Mchimbaji anashuka shimoni na tochi kichwani, anapanda na kiroba begani, anatozwa. Kiroba kinavuka mpaka, kinachanganywa na viroba vingine, na kikifika kiwandani hakina tena kabila wala damu. Kila hatua pana karani kama nilivyokuwa mimi, ana kalamu, na karatasi iliyo mbele yake inasema kila kitu kiko sawa.

Ndiyo maana nawapenda makuli wa Genova. Mei 2019 meli ya Saudi Arabia, Bahri Yanbu, ilikuwa inazunguka bandari za Ulaya kukusanya shehena ya kijeshi, na vita vya Yemen vimeshamaliza miaka minne. Le Havre, Ufaransa, meli iliondoka bila mizinga iliyoifuata, kwa sababu ya kelele za wananchi na wafanyakazi. Ilipofika Genova, mzigo uliokuwa ukingoja ulikuwa jenereta. Jenereta! Kitu ambacho ungeweza kudhani kinakwenda hospitali. Wafanyakazi wakafuatilia karatasi hadi mwisho wake, wakakuta mwenye mzigo ni Gadi ya Taifa ya Saudi Arabia. Wakagoma kuzipakia, na meli ikaondoka bila jenereta zile.

Italia ina sheria yake ya mwaka 1990, namba 185, inayodhibiti uuzaji wa silaha kwa nchi zilizo vitani. Upo pia Mkataba wa Biashara ya Silaha, ulioanza kutumika Desemba 2014, unaokataza kupeleka silaha mahali ambapo nchi inajua zitatumika kwa uhalifu wa kivita. Serikali zilitia saini, zikapiga picha. Asubuhi ile pale gatini, sheria ilisimamiwa na watu waliovaa kofia ngumu na buti.

Najua swali lililo vichwani mwenu, kwa sababu nami niliishi nalo. Tutakula nini? Ni swali la halali, na mwanaharakati anayelikimbia hafai kusikilizwa na mfanyakazi. Huwezi kumwambia fundi wa kiwanda cha makombora kwamba mikono yake ni michafu kisha ukaenda zako kula chakula cha mchana.

Jibu bora ninalolijua lilitoka kwa mafundi wenyewe. Mwaka 1976 wafanyakazi wa Lucas Aerospace, kampuni ya Kiingereza iliyotegemea sana oda za kijeshi, walikuwa wanakabiliwa na kupunguzwa kazini. Wawakilishi wao waliwauliza wenzao wote swali moja: kwa mashine hizi tulizo nazo na ujuzi huu tulio nao, tungeweza kutengeneza nini ambacho watu wanakihitaji? Wakapata mapendekezo ya bidhaa 150. Mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Pampu za joto za majumbani. Mitambo ya upepo. Injini zinazochanganya petroli na umeme, na hiyo ni miaka ya sabini! Basi linaloweza kwenda barabarani na relini. Waliyabuni mafundi na wahandisi, wakayachorea michoro. Uongozi wa kampuni ukakataa, na serikali ya chama cha Leba, chama chao, haikuwatetea ilivyopaswa. Miaka imepita, na vingi kati ya vitu vile sasa dunia inavitengeneza na kuviuza. Basi tuache kuwaambia wale mafundi wafunge viwanda. Tudai bajeti ya kuvigeuza, na tudai wao wenyewe wakae mezani wakati wa kuvigeuza.

Na kukataa peke yako, msithubutu. Nasema hivi kwa sababu najua kilichotukuta usiku ule. Chama tulikuwa nacho. Kilikuwa chama cha kudai posho na sare, na katika miaka yangu kumi na moja haikuwahi kuletwa ajenda inayouliza tunapakia nini na kinakwenda wapi. Msimamizi alipotukaripia, kila mmoja alimtazama mwenzake, kila mmoja akaona mtu mwenye watoto. Yule mzee aliyepapasa sanduku alikuwa ameshalisema lililopaswa kusemwa. Hapakuwa na mahali pa kulipeleka neno lake, likafia pale pale gatini. Fulton alikuwa na mahali pa kulipeleka. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na sisi, maana sidhani kama alikuwa na moyo mkubwa kuliko wa yule mzee.

Basi nina kazi ya kuwapa, nayo inaanza leo. Humu ndani wamo watu wa maghala, wa forodha, wa benki, wa bima, wa mifuko ya pensheni, wamo wanaoandika programu za kompyuta. Pale mezani karibu na mlango kuna daftari. Usiandike jina lako. Andika kazi yako, na kitu kimoja kinachopita mikononi mwako ambacho hujui kinakokwenda. Tutakusanya kurasa hizo, tutakaa na wanaojua kusoma hati za shehena na mikataba, tutafuatilia kila kimoja hadi mwisho wake. Kisha kila mmoja atalipeleka swali hilo kwenye mkutano wa tawi la chama chake, na ataomba liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Ukurasa wa kwanza umeshajazwa. Umeandikwa: karani wa shehena, masanduku ya kijani, vipuri vya mashine.